Nyumba ya biskuti na nyumba ya mafunjo

Ndugu msomaji, katika vitabu kama hiki tumezoea kusoma juu ya ndoa, matanga, ngoma na majina ya wazee. Leo naomba ruhusa niandike juu ya kitu kidogo: nyumba inayokaa juu ya meza, tena nyumba ya kuliwa. Wengine watacheka, na wana haki. Lakini mimi nilikuwa mmoja wa waamuzi watatu katika shindano la nyumba hizo hapa kwetu Bukama, mwezi wa Desemba, na tangu siku ile roho yangu haijatulia. Nitasema juu ya kazi za watoto kama vile mwalimu anavyosahihisha kopi. Kisha nitasahihisha kopi yangu mimi mwenyewe, kwa maana aliyekosa zaidi siku ile si mtoto.

Shindano lenyewe

Komite moja ya wazazi, sitaitaja, ilitaka kupata pesa za kununulia mablanketi na madaftari watoto yatima na watoto wa familia zilizohamishwa na maji ya Lualaba. Nia ilikuwa nzuri, hakuna mtu anayeweza kuisema vibaya. Mama mmoja wa komite alikuwa ameona picha ya nyumba za Ulaya za Noeli, zile zinazojengwa kwa biskuti ya tangawizi na kupambwa kwa sukari nyeupe. Akasema: "Sisi pia tufanye." Watu walipe kiingilio kidogo, waangalie nyumba, halafu mwisho nyumba ziuzwe kwa mnada.

Sheria zilikuwa mbili tu. Ya kwanza: nyumba iwe ya kitu kinacholiwa. Ya pili: iwe na mapambo. Hakuna aliyeuliza: nyumba ya nani? Mapambo ya wapi? Na nani ataila? Maswali hayo matatu njo mambo ninayotaka kuandika hapa.

Nyumba hii ilitoka wapi

Tusihukumu kitu bila kujua ukoo wake. Biskuti ya tangawizi ni kitu cha zamani sana huko Ujerumani. Wanaikanda kwa unga, asali, tangawizi, mdalasini na karafuu. Katika mji wa Nuremberg mafundi wake walikuwa na chama chao cha kazi tangu 1643. Mtu akionja biskuti hiyo asifikiri anaonja Ulaya peke yake: tangawizi, mdalasini na karafuu havioti kule, vilipanda merikebu kutoka nchi za joto, na katika karne ya 19 karafuu nyingi ya dunia ilitoka Zanzibar na Pemba. Basi mu ile nyumba ya Wazungu, harufu ni ya upande wetu.

Nyumba yenyewe, ile yenye kuta na paa, ilijulikana sana kwa sababu ya hadithi. Mwaka 1812 ndugu wawili, Jacob na Wilhelm Grimm, walichapisha hadithi ya watoto wawili, Hänsel na Gretel, waliopelekwa porini na wazazi wao. Kwa nini walipelekwa? Kwa sababu ya njaa. Nyumbani hakukuwa mkate wa kuwatosha wote. Watoto wakapotea, na mbele yao wakaona nyumba ya mkate, paa la keki, madirisha ya sukari. Wakaanza kuimega. Kumbe ilikuwa mtego wa mchawi anayekula watoto.

Ndugu msomaji, ukumbuke jambo hili. Nyumba ya kuliwa haikuanza katika ndoto ya matajiri. Iliota mu tumbo la mtoto mwenye njaa. Mtoto aliyeshiba hawezi kuwaza kula ukuta.

Leo katika mji wa Bergen, nchi ya Norway, watu hujenga mji mzima wa biskuti ya tangawizi kila mwaka kabla ya Noeli, tangu 1991. Shule za watoto wadogo, familia na mafundi, kila mmoja analeta nyumba yake. Na wanajenga nini? Wanajenga Bergen: nyumba za bandari yao, makanisa yao, mashua zao. Mwaka 2009 mtu aliingia usiku akavunja karibu mji wote, na watu wakaoka tena upya, mji ukasimama kabla ya sikukuu. Wangekuwa wamejenga mji wa watu wengine, sidhani wangelia vile na kuanza tena upesi vile.

Nyumba tatu juu ya meza

Sasa tuingie mu sali ya shindano. Meza zilikuwa nyingi, lakini nitasema juu ya nyumba tatu.

Ya kwanza, ile iliyopata zawadi kubwa, ilitoka kwa familia yenye uwezo. Biskuti zilinunuliwa dukani Lubumbashi. Zilishikanishwa kwa ute mweupe wa yai uliopigwa pamoja na sukari, ambao ukikauka unakuwa mgumu kama saruji. Kazi ya mikono ilikuwa safi, siwezi kuikana: pembe zilinyooka, hakuna tone lililoanguka ovyo. Juu ya paa waliweka pamba ya hospitali, eti theluji. Kulikuwa na bomba la moshi, na taa ndogo za rangi zinazowaka na kuzima. Watu walishangilia. Simu zote zilitolewa kupiga picha.

Lakini tuiangalie kama nyumba. Haikuwa na baraza. Hakuna mahali pa mgeni kukaa. Paa lake lilikatwa sawasawa na ukuta, halikutokeza nje hata kidogo, wakati kila mjenzi wa Bukama anajua paa lazima livuke ukuta ili mvua isilambe matofari. Jiko halikuwako, wala choo, wala mti wa maembe. Na pamba ya hospitali hailiwi. Sheria ya kwanza ilivunjwa juu ya paa, mbele ya macho yetu, na hakuna mwamuzi aliyesema neno.

Ya pili ilifanywa na vijana watatu ambao wazee wao wamefanya kazi ya reli. Walijenga kituo cha treni na daraja la Lualaba. Reli kutoka kusini ilifika Bukama mwaka 1918, na kuanzia hapa kwetu mto unapitika kwa meli mpaka Kongolo, karibu kilometa 645. Bukama ilizaliwa katika makutano hayo ya treni na meli, na vijana waliyajua. Vyuma vya daraja vilikuwa vipande vya muwa vilivyochongwa. Kuta za kituo zilikuwa mkate mkavu. Kokoto za reli zilikuwa karanga zilizokaangwa kwa sukari. Kosa lao lilikuwa moja: daraja lilipendeza kuliko kituo, na kituo kiliinama upande mmoja kama mlevi. Walipata nafasi ya pili, na ilikuwa haki.

Ya tatu iliwekwa mwisho wa meza, karibu na mlango. Aliifanya msichana mmoja wa darasa langu, wa mwaka wa tatu. Haikuwa na rangi nyingi. Chini kulikuwa kisiwa cha bapa, kilichosukwa kwa mashina machanga ya mafunjo, yale majani marefu ya ziwani yenye kichwa kama nywele. Juu ya kisiwa, kijumba cha duara kidogo, kuta za maganda ya muwa yaliyosukwa kama mkeka, paa la majani ya mihogo yaliyokaushwa. Mbele ya mlango, jiko: unga wa mihogo uliokandwa na kukaushwa, kama lile bamba la udongo ambalo watu huweka ili moto usichome kisiwa. Kando, kichanja cha kuanika, na juu yake samaki wadogo wakavu, samaki wa kweli, wamepangwa kichwa upande mmoja. Na mtumbwi mmoja wa ganda la karanga, umefungwa kwa uzi.

Mwamuzi mwenzangu alicheka, akasema: "Hii ni kambi ya wavuvi. Mapambo iko wapi?" Mwingine akasema mafunjo si chakula. Mimi nilimwuliza yule mtoto. Akajibu kwa sauti ndogo:

"Mwalimu, ile changa tunatafunaka. Na ile nyumba ni yetu ya ku maji. Baba alijengaka vile."

Nikaandika: nne juu ya kumi. Nikatia sahihi.

Kopi ya mwalimu

Hapa ndipo ninapoanza kujisahihisha. Mimi ni mwalimu. Nilijifunza ku ISP kwamba kabla ya kutoa pointi lazima ujue kipimo. Siku ile kipimo changu kilikuwa nini? Nikiwa mkweli: kipimo changu kilikuwa ile picha ya Ulaya. Nyumba iliyofanana na picha ilipata nyingi, iliyo mbali na picha ilipata kidogo. Sikuhukumu kazi, nilihukumu ufanano.

Tena nilisahau historia ambayo niliishi mimi mwenyewe. Mwaka 2005 na 2006, wakati jeshi lilipopigana na Mai-Mai upande wa Mitwaba na Manono, maelfu ya watu walikimbilia maziwa ya Upemba. Wengine, wakikosa nchi kavu ya kukaa, waliishi juu ya visiwa vya mafunjo vinavyoelea juu ya maji. Wavuvi walijua maisha hayo tangu zamani: kisiwa kinazama polepole chini ya uzito, unaongeza mafunjo mapya juu, unasogeza jiko, unaendelea kuishi. Kwa wakimbizi ilikuwa shida kubwa, magonjwa na njaa. Wazazi wa mwanafunzi wangu walikuwa katika kundi hilo, wakabaki huko wakawa wavuvi. Mtoto alizaliwa juu ya maji.

Basi kile alicholeta juu ya meza si "kambi ya wavuvi." Ni nyumba ambayo iliokoa watu. Na kila kitu ndani yake kilikuwa na sababu. Bamba la jiko lilikuwa na sababu. Uzi wa mtumbwi ulikuwa na sababu: mtumbwi ukiondoka usiku, mtu hana mguu tena. Mwamuzi anauliza mapambo iko wapi? Mapambo ni samaki waliopangwa kichwa upande mmoja! Mama anayeanika hivyo anaonyesha kwamba hata juu ya kisiwa kinachozama, nyumba yake ina utaratibu.

Wasomi wanaojua ardhi yetu wanatufundisha jambo la karibu na hilo. Pale Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbaji walianza mwaka 1957 kufungua makaburi ya kale, mengine ya miaka elfu moja na zaidi. Walikuta vyungu vizuri sana pamoja na marehemu. Na katika makaburi ya watoto, vyungu vilikuwa vidogo, kwa kadiri ya mtoto. Kwa hiyo mikono ya eneo hili inajua kutengeneza kitu kidogo tangu zamani, na haikukifanya kidogo kwa mchezo. Ilikifanya kidogo kwa upendo, ili kimfae mwenye kukitumia.

Vilevile wazee wetu Baluba walikuwa na vijumba vidogo vya mizimu karibu na makazi. Sisemi turudie, kila mtu na imani yake. Ninasema tuangalie tofauti: katika kijumba kile chakula kiliingizwa ndani, kwa ajili ya yule aliyeheshimiwa. Katika nyumba ya biskuti, nyumba yenyewe ni chakula. Katika zote mbili swali ni moja: nani atakula?

Mwalimu mwingine, wa Kinshasa

Mtu asifikiri kwamba ninatetea kijiji dhidi ya mji, au udongo dhidi ya rangi. Nchi yetu imekwisha kutoa bwana mkubwa wa nyumba ndogo za mapambo. Ni Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948 katika kijiji cha Kimbembele Ihunga. Alikwenda Kinshasa mwaka 1970, akafundisha kwa muda katika shule, mwalimu kama sisi. Baadaye alifanya kazi ya kutengeneza vitu vya zamani vilivyoharibika katika jumba la makumbusho la taifa. Kwa karatasi ngumu, maboksi, vifuniko vya chupa na mikebe ya vinywaji alijenga majumba na miji mizima ya rangi. Mwaka 1989 kazi yake ilionyeshwa Paris, na mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kifo chake, jumba kubwa la sanaa la MoMA huko New York lilimfanyia maonyesho yake peke yake.

Nyumba za Kingelez zinang'aa kuliko biskuti yoyote. Zina nyota, vioo, rangi ya pinki na kijani. Lakini mwaka 1994 alijenga nini? Alijenga Kimbembele Ihunga, kijiji chake cha kuzaliwa, akakifanya mji mkubwa wenye majumba marefu na kiwanja cha mpira. Hakuwa anaiga kijiji jinsi kilivyo, wala hakuwa anaiga Paris. Alichukua kwao, akakipa kile alichotaka kwao kipate. Hapo ndipo ninaona kosa la nyumba yetu ya kwanza. Tatizo lake si taa, wala si rangi, wala si biskuti ya dukani. Tatizo ni kwamba hakuna mtu anayeishi ndani yake. Hata yule aliyeijenga hakuwahi kuota kulala humo; aliota tu kushinda.

Wahenga walisema: mcheza kwao hutuzwa. Siku ile yule aliyecheza kwao aliwekwa karibu na mlango.

Mwisho wa nyumba hizo

Tufike sasa ku pesa, kwa maana shindano lilikuwa la kusaidia watu. Mnada ulipangwa kufanyika siku ya tatu. Komite ilisahau kwamba Desemba ni mwezi wa mvua. Sukari na asali vinavuta unyevu wa hewa. Huko Ulaya hewa ya ndani ya nyumba wakati wa baridi ni kavu, biskuti inabaki ngumu kwa wiki nyingi. Hapa kwetu, siku ya pili, ute wa yai ulianza kutoa jasho, kuta zikalainika, na asubuhi ya siku ya tatu paa la mshindi lilikuwa limeteremka pamoja na theluji yake. Siungu walikuwa wamefika mbele ya wanunuzi. Mkate wa kituo cha treni ulishika ukungu. Nyumba ya mafunjo ilikuwa inasimama, lakini nani atanunua nyumba ya nne juu ya kumi?

Kiingilio kilileta pesa kidogo. Ukiondoa gharama za sali, za taa na za zawadi ya mshindi, mablanketi yaliyopatikana hayakutosha. Na biskuti zilitupwa. Nilisimama pale nikaona watoto, wale wale ambao shindano lilifanywa kwa ajili yao, wakichungulia mu dirisha namna wengine wanavyotupa sukari katika pipa. Nikakumbuka watoto wa ile hadithi ya Wajerumani, wenye njaa mbele ya nyumba tamu. Nikajiuliza sisi katika hadithi ile ni nani. Jibu halikunipendeza.

Mambo ninayoomba

Sitaki shindano lifutwe. Watoto walifurahi kujenga, na mikono inayojenga haipotezi wakati. Ninaomba tu tubadilishe kipimo.

Kwanza, kila mjenzi asimame mbele ya watu na kueleza: hii ni nyumba ya nani, mlango unaelekea wapi, mvua ikinyesha itakuwaje. Asiyeweza kujibu apoteze pointi, hata kama taa zake zinawaka.

Pili, tutumie vyakula vya hapa: unga wa mihogo na wa mahindi, karanga, muwa, asali, samaki mkavu, na tangawizi yenyewe inapatikana sokoni. Na paa livuke ukuta.

Tatu, kila nyumba iandikiwe bei ya vitu vilivyoijenga, karatasi iwekwe mbele yake. Nyumba iliyokula pesa nyingi kuliko inayoleta si zawadi kwa yatima, ni mzigo wao.

Nne, mnada na kula vifanyike siku ile ile. Watu wanunue haki ya kutoa nyumba, si haki ya kuipeleka nyumbani. Na watoto wanaosaidiwa waile, wameketi mezani, si dirishani.

Kuhusu yule mwanafunzi wangu: baada ya likizo nilimwita mbele ya darasa, nikasema nilikosea, na nikaeleza kwa nini. Darasa lilinyamaza, kwa maana hawajazoea kusikia mwalimu akisema hivyo. Pointi haziwezi kurudi, karatasi ilikwisha kupelekwa. Nilimwuliza kama bado anayo ile nyumba. Akasema hapana.

"Tuliikula, Mwalimu. Na wadogo zangu. Samaki njo ilikuwa ya kwanza kuisha."

Basi katika nyumba zote zilizowekwa juu ya meza siku ile, moja tu ilifanya kazi ambayo nyumba ya kuliwa iliitiwa.